MADA: MAASI YA JESHI YA 1964 NA OPERESHENI YA COLITO

Utangulizi
Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Kinondoni. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yalipofika Tabora pia, Serikali haikubaki na jeshi la kuyazima. Mwalimu Nyerere akaomba msaada wa Uingereza.

Vikosi vilivyoshirikiana, 25 Januari 1964
Askari wanaoshambulia nchi kavu wakitokea baharini hutegemea vikosi kadhaa, kila kimoja na kazi yake.

(a) *Wanamaji.* Meli ya kubebea ndege, HMS Centaur, ilileta makomandoo kutoka Aden. Manowari HMS Cambrian ilifyatua mizinga ili kuwatisha na kuwavuruga waasi, si kuibomoa kambi.

(b) *Helikopta.* Helikopta za Wanamaji na za Jeshi la Anga ziliwashusha makomandoo karibu na kambi. Kama wangetua ufukweni kwa boti na kwenda kwa miguu, waasi wangepata muda wa kujipanga.

(c) *Makomandoo.* Kikosi cha 45 cha Royal Marines kiliivamia kambi na kuwanyang'anya waasi silaha kwa muda mfupi.

Angalia mpangilio: meli zisingeweza kuiteka kambi, na makomandoo wasingeifikia kwa haraka bila helikopta.

Matokeo
1. Maasi yalizimwa, na kikosi kilichoasi kikavunjwa.
2. Taifa lililopata uhuru mwaka 1961 lilipata fedheha ya kumwita tena mkoloni wake. Baadaye askari wa Nigeria walichukua nafasi ya Waingereza.
3. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Leo lina kamandi za nchi kavu, wanamaji na anga.

Swali la kujipima
"Operesheni ya Colito ilifanikiwa kijeshi lakini iligharimu heshima ya taifa." Jadili.

Mwongozo wa jibu
Eleza pande zote mbili. Watahiniwa wengi husimulia maasi na kusahau neno "lakini". Hitimisha kwa kuonyesha kwa nini nchi huru huhitaji jeshi lake lenye utii na vikosi vinavyokamilishana.