Miaka Minane kwa Kitabu Kimoja: Jinsi Monografu Inavyoandikwa na Kuchapishwa

Maji yakupwapo katika fukwe za Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, mtu huona juu ya mawe, nguzo za gati na mizizi ya mikoko vijumba vidogo vyeupe vilivyoshika kama vimepigwa saruji. Mabaharia wanavijua sana, kwa kuwa hushika pia chini ya jahazi na kulipunguzia mwendo, hata hapana budi lipandishwe pwani likwanguliwe. Ndani ya kila kijumba anaishi mnyama ambaye elimu ya viumbe humwita sirripedi. Akiwa mchanga huogelea baharini. Baadaye hujigandisha kichwa kwa gundi yake mwenyewe, hujenga kuta kuuzunguka mwili wake, na tangu siku hiyo hujilisha kwa kupunga miguu ndani ya maji.

Mnyama huyu mnyonge ndiye aliyemshughulisha Charles Darwin kwa muda wa miaka minane, kuanzia mwaka 1846 hadi 1854. Matunda ya miaka hiyo ni kitabu cha aina ambayo wataalamu huiita monografu, yaani kitabu kinachoshika jambo moja tu na kulichimba mpaka chini. Kitabu cha shule hukusanya yale yaliyokwisha kukubaliwa na wengi. Makala ya jarida hutoa habari ya ugunduzi mmoja. Monografu huchukua kila lililopata kusemwa juu ya jambo lake, hulipima upya dhidi ya vitu vyenyewe, na kuliweka mahali ambapo mtu mwingine aweza kulikagua.

Darwin hakuanza na nia ya kazi kubwa kama hiyo. Mwaka 1835, alipokuwa safarini katika merikebu ya Beagle, aliokota katika visiwa vya Chonos, huko Chile, gombe lililotobolewa matundu mengi. Katika matundu hayo mlikuwa na sirripedi mdogo kama kichwa cha pini, asiye na kijumba chochote. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwezi Oktoba 1846, alimtoa katika chupa ya pombe kali alimohifadhiwa ili amwandikie makala fupi. Lakini haikuwezekana kusema mnyama yule alikuwa wa ajabu kwa kiasi gani bila ya kuwajua wenziwe. Akampasua wa pili, wa tatu, wa kumi, na kila mmoja akamdai mwingine.

Wenziwe hao walikuwa katika machafuko makubwa. Wataalamu wa zamani, Cuvier miongoni mwao, waliwaweka pamoja na konokono na chaza kwa sababu ya gamba la nje. Ni mwaka 1830 tu ndipo John Vaughan Thompson, mganga wa jeshi aliyekuwa Ireland, alipochapa habari kwamba wachanga wao wanafanana na wachanga wa jamaa ya kaa na kamba, yaani krasteshia. Spishi moja iliweza kuwa na majina manne au matano, na pengine jina moja lilibandikwa spishi mbili. John Edward Gray, mkuu wa idara ya wanyama katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ndiye aliyemshauri Darwin ashughulikie kundi zima. Wadhamini wa Jumba hilo wakamruhusu kuazima mkusanyo wao na kufanyia kazi nyumbani kwake, katika kijiji cha Down.

Yapo mambo mawili yanayoeleza kwa nini alikubali. Tangu mwaka 1844 alikuwa amekwisha kuandika insha ndefu juu ya asili ya spishi, akaifungia bila ya kuichapa. Mwaka uliofuata rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, alimwandikia, akimsema mwandishi mwingine, kwamba mtu asiyepata kueleza spishi nyingi kwa makini hana haki ya kuamua swali la spishi. Darwin aliyachukua maneno hayo kuwa yanamhusu yeye. Wanahistoria wanabishana kama sirripedi ndio waliochelewesha nadharia yake. Lililo wazi ni kwamba baada yao hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa hakujua spishi ni kitu gani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Alinunua hadubini mpya, akakatiwa vipande viwili vya ubao vya kuegemezea vifundo vya mikono, akapasua viumbe ndani ya maji kwa sindano na visu vidogo. Barua zilikwenda kila upande kuomba vielelezo. Japetus Steenstrup wa Copenhagen alimpelekea visukuku, na sanduku lilipochelewa njiani Darwin alikosa raha mpaka lilipofika. Sharti la kuazima liko wazi hata leo: kitu ni cha mwenyewe, na hurudishwa.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, haukuwa kupasua bali kueleza. Mwalimu aweza kuwaonjesha wanafunzi ugumu huo. Awape makombe ishirini ya aina moja, amwambie mwanafunzi mmoja aeleze kwa maandishi kombe moja tu, kisha darasa jingine lisome maelezo hayo na kulitafuta kombe lile katika fungu. Mara nyingi watalikosa. Aliyeandika ametaja rangi na ukubwa, mambo yanayobadilika kutoka kombe hadi kombe, akaacha lile linalolitenga na mengine. Darwin alikuta kwamba karibu kila kiungo cha kila spishi kilibadilika kidogo alipolinganisha vielelezo vingi. Kwa mwenye nadharia yake hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mwandishi anayetakiwa kuchora mpaka kati ya spishi na spishi ilikuwa mateso. Mwaka 1852 alimwandikia rafiki kwamba amekwisha kuwachukia wanyama hawa.

Majina nayo yalimla muda mwingi. Kanuni, ambazo Darwin mwenyewe alikuwa katika kamati iliyozitunga mwaka 1842, zilitaka jina la kwanza kutolewa ndilo liheshimiwe. Kwa hiyo alilazimika kufuatilia kila jina katika vitabu vikongwe mpaka chanzo chake. Mwaka 1849 alimlalamikia Hugh Strickland, kiongozi wa kamati hiyo, juu ya desturi ya kuambatanisha jina la mtaalamu na spishi aliyoieleza kwanza. Aliona kwamba desturi hiyo huwavuta watu kueleza ovyo na kwa haraka ili majina yao yabaki vitabuni. Strickland hakukubali. Lalamiko hilo halijazeeka.

Subira yake ililipwa mahali asipotazamia. Sirripedi wengi ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume. Mwaka 1848 Darwin aliona juu ya baadhi yao vidubwasha vidogo sana, vilivyofanana na vimelea. Alipovichunguza alitambua kuwa ni madume ya spishi ile ile, yaliyojishikiza kwa jike maisha yao yote. Na katika baadhi ya spishi madume hayo hayana mdomo wala tumbo. Zaidi ya hayo, alikuta spishi ambazo huntha kamili alibeba madume ya nyongeza. Mtu mwenye haraka angeyasafisha na kuyatupa kama uchafu.

Siku hazikuwa nyepesi. Maradhi yalimpotezea karibu miaka miwili katika ile minane, na mwaka 1849 tabibu wake alimruhusu saa mbili na nusu tu za kazi kwa siku. Mwezi Aprili 1851, mwaka wa juzuu za kwanza, alifiwa na binti yake Annie mwenye umri wa miaka kumi. Yasimuliwa kwamba kwa watoto wake kazi hii ilikuwa jambo la kawaida mno, hata mmoja wao, akiwa nyumbani kwa jirani, akauliza baba wa nyumba ile hufanyia wapi sirripedi wake.

Kuchapa nako kulikuwa na shida yake. Kitabu cha kurasa mamia kwa mamia chenye michoro ya viungo vya mnyama asiyeliwa si bidhaa ya kumtajirisha muuza vitabu. Darwin aliviendea vyama viwili. Ray Society, kilichoundwa mwaka 1844, kilichukua sirripedi walio hai. Palaeontographical Society, cha mwaka 1847, kikachukua visukuku. Kila mwanachama alilipa ada ya gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21 za Kiingereza za wakati ule, na kwa fedha hizo chama kiligharimia uchapaji na michoro, kisha kikawagawia wanachama vitabu. Hivyo wasomaji walilipa kabla ya kitabu kuwapo. Juzuu zilitoka mwaka 1851 na 1854. Zile mbili za wanyama walio hai peke yake zina kurasa zaidi ya 1,000. Mwaka 1853 Royal Society ilimtunuku nishani kwa kazi hiyo pamoja na kazi zake za jiolojia.

Mwezi Septemba 1854 alimaliza kufungasha sirripedi wake, akaanza kupanga maandishi yake ya zamani juu ya spishi. Kitabu chake mashuhuri kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859.

Mwaka huo huo mtaalamu mwingine, August Krohn, alionyesha kwamba Darwin alikosea. Viungo alivyoviita ovari vilikuwa tezi za mate, na tundu aliloliita la sikio lilikuwa mlango wa kutolea mayai. Maelezo na michoro ilikuwa wazi kiasi cha Krohn kuweza kuweka kidole mahali penyewe pa kosa. Darwin alikubali, na katika barua ya mwaka 1860 aliyataja makosa hayo bila kujitetea. Uzeeni alitia shaka kama kazi ile ilistahili muda wote ule. Yule mdogo wa Chonos alimpa jina *Cryptophialus minutus*, na wataalamu wangali wakimwita hivyo.