Somo: Tofali Lisilokula Kuni

Tanuri la matofali humaliza miti yetu. Matofali ya kufungamana hayachomwi. Yakipangwa hushikana, na saruji ya kuunganishia hupungua.

1. Pimeni udongo. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, ongezeni mchanga.
2. Chekecheni, changanyeni na saruji kidogo, mshindilie kwa mashine ya mkono kabla saruji haijaanza kuganda.
3. Yapangeni kivulini, yafunikeni, mmwagilie angalau siku 7.

Msiruke hatua ya 3. Fundi akiharakishwa, tofali halikomai. Mvua ikipiga ukuta humomonyoka, na michango ya waumini na wafadhili hupotea.

Swali la kujadili: Kabla hatujanunua saruji, nani miongoni mwetu atamwagilia, na maji yatatoka wapi?