Huzuni Isiyokwisha: Somo Kutoka Masaka na Rakai



Mara nyingi mgonjwa huja kwetu akisema kichwa kinamgonga, mwili umechoka, usingizi hauji, chakula hakipandi. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi, hana. Anapewa dawa za maumivu, na baada ya wiki mbili yuko tena kwenye benchi. Hakuna aliyemwuliza nyumbani kuna nini. Nasi Wasukuma tumezoea kujibu "mhola duhu" hata moyo ukiwaka moto!

Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, mtu akapoteza hamu ya kazi na ya watu, akajiona hafai kitu, huo ni ugonjwa. Madaktari huuita sonona. Si uvivu wala kukosa imani.

Yuko mwanasaikolojia wa tiba, Dk. Helena Verdeli wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye kazi yake yatuhusu sisi watu wa kanda ya Ziwa. Mwaka 2002 yeye na wenzake, akiwamo Dk. Paul Bolton, walifanya utafiti katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. UKIMWI ulikuwa umeua wengi huko. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu, na mojawapo maana yake ni kujichukia.

Wagonjwa waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, saa moja na nusu kila mara. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari wala wauguzi, bali wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Swali lao kubwa lilikuwa: huzuni hii ilianza lini, na wakati huo nini kilibadilika kati yako na watu wako? Majibu yaliangukia mambo matatu: msiba, ugomvi, au mabadiliko makubwa ya maisha. Kisha kikundi kilitafuta pamoja hatua ndogo ya kuchukua kabla ya kukutana tena. Dk. Verdeli naye alijifunza kwamba kwa watu wale marehemu hasemwi vibaya, hivyo maswali ya msiba yakabidi yaulizwe kwa upole.

Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundini walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki 6 au 7. Kwa wasiopata vikundi, walishuka kutoka 94 hadi 55 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo ya njia hii, alichokiandika Dk. Verdeli na wenzake, chenye mikutano minane.

Sasa mtazame kijana aliyeacha pamba Kishapu akaenda machimboni Geita. Duara halikutoa kitu, deni limekua, anaona aibu kurudi kwa baba yake. Au mama ambaye mumewe alifukiwa na kifusi, kisha shemeji wakachukua ng'ombe; huyo ana msiba na ugomvi kwa pamoja. Kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Mwulize ilianza lini, kisha nyamaza usikilize. Na yanayosemwa hapo yasifike kisimani wala kilabuni, la sivyo hatafungua kinywa tena.

Mazungumzo hayatoshi kwa kila mtu. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyeacha kula kabisa, aletwe hospitali. Mkidhani anawaza kujiua, mwulizeni waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akikubali, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni nyumbani dawa za pamba na kamba, mkamlete hospitali siku hiyo hiyo. Wanaohitaji uangalizi zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza, kwenye idara ya magonjwa ya akili. Ndugu mmoja aende naye, yule anayemwamini.