Kirejeshi na Nomino Inayorejelewa

Linganisha matangazo haya mawili ya duka la mvinyo:

(a) Kikapu cha chokoleti kilichopunguzwa bei.
(b) Kikapu cha chokoleti zilizopunguzwa bei.

Katika (a), viambishi ki- na -cho- vinarejelea kikapu, nomino ya ngeli ya KI-VI. Bei iliyoshuka ni ya kikapu kizima, pamoja na chupa ya mvinyo iliyomo. Katika (b), zi- na -zo- vinarejelea chokoleti, nomino ya ngeli ya I-ZI, katika wingi. Chokoleti pekee ndizo zilizoshuka bei. Chupa italipiwa bei kamili. Mnunuzi aliyesoma (a) kisha akatozwa kwa mujibu wa (b) ana haki ya kulalamika, na ushahidi wake ni viambishi hivyo viwili.

Kwa mwalimu: Katika mazungumzo ya mitaani husikika «kikapu ya chokoleti yenye imepunguzwa bei». Hapa msikilizaji hawezi kujua kilichopunguzwa bei ni kikapu au chokoleti. Usitosheke kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Mwulize: «Ni bei ya nini iliyopunguzwa?» Akishindwa kujibu kutokana na sentensi yake, ataiona kazi ya upatanisho.

Zoezi
1. Andika tangazo (a) katika wingi.
2. Andika (a) na (b) upya kwa kutumia amba-.
3. «Zawadi za chokoleti zilizopunguzwa bei.» Eleza kwa nini upatanisho hauondoi utata wa tangazo hili, kisha liandike upya ili maana iwe moja.