Mtindi katika mkate wa soda

Swali: Nataka kuoka mkate wa soda wa Ayalandi, lakini maziwa yanayobaki baada ya kusuka siagi siyapati dukani. Je, maziwa freshi yenye limau yatafaa?

Jibu: Yatafaa, ila mtindi utakupa mkate mzuri zaidi. Mkate huu ulienea Ayalandi katika karne ya 19, kwenye nyumba zilizosuka siagi zenyewe na hivyo kuwa na maziwa hayo machachu kila mara. Hauna hamira: soda hukutana na asidi ya maziwa, kabonidioksaidi hutoka, na unga huumuka. Kinachotafutwa basi ni uchachu. Kijiko kikubwa cha limau katika kikombe cha maziwa huuleta, lakini maziwa hubaki mepesi na ladha yake haifiki mbali, ilhali mtindi umechachuliwa polepole na bakteria na una uzito wake. Ni kweli kwamba mtindi mzito hukausha kinyunga. Vikombe vitatu vipunguzwe kwa kimoja cha maji. Maziwa lala ya kunywa hutumika yalivyo, mradi hayana sukari.

Wapo wanaoshauri maziwa freshi na soda nyingi zaidi. Hapana: soda isiyopata asidi huacha ladha ya sabuni. Beking poda, yenye asidi yake ndani, itaumua mkate kwa maziwa freshi, lakini uchachu, ambao ndio utamu wenyewe wa mkate huu, utaukosa. Kwa unga gramu 450 tia kijiko kimoja cha chai cha soda na mtindi mililita 350 hadi 400, kisha uingize kwenye oveni iliyokwisha kupata moto bila kukawia, maana hewa huanza kutoka mara tu soda inapolowa.