Dondoo Muhimu: Kabla Hujanunua Prosesa ya Kifaa Unachobuni

Anza na kerneli, si na kasi. Pakua toleo jipya la Linux kutoka kernel.org, kisha tafuta jina la chipu kwenye faili zinazoelezea maunzi. Ukiikuta pamoja na bodi kadhaa zinazoitumia, dalili ni njema. Ukiambiwa utumie kerneli ya mtengenezaji pekee, uliza ni toleo gani. Ikiwa ni 4.9, hilo lilitoka 2016 na matengenezo yake yakakoma Januari 2023. Matundu ya usalama utayaziba mwenyewe.

Jina peke yake halitoshi. Kagua kila sehemu unayoihitaji: Etheneti, kamera, skrini, hata namna chipu inavyolala na kuamka. Kichakata picha ndicho msumbufu mkuu. Vichakata picha vya Mali vya Arm vina draiva huria za Lima na Panfrost, na vile vya Vivante vilivyomo kwenye chipu nyingi za i.MX za NXP vina Etnaviv. PowerVR, kwa upande wake, ilikaa miaka mingi bila draiva ya namna hiyo.

Omba mwongozo wa kiufundi. Ukitakiwa kwanza kusaini mkataba wa siri, mimi ningetafuta chipu nyingine. Mwongozo wa AM335x ya Texas Instruments, iliyomo kwenye bodi ya BeagleBone Black ya 2013, una maelfu ya kurasa na uko wazi kwa yeyote.

Na kama unajenga kipimajoto cha betri tu, Linux ni mzigo. Pitia orodha ya bodi za Zephyr, mfumo endeshi mdogo wa vifaa kama hicho.