Harufu Nzuri Nyumbani

Mji wa Lubumbashi uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku una baridi kali. Watu hufunga madirisha, na nyumba hunuka moshi. Wengine huwasha mishumaa yenye manukato. Wengine huingiza mbabula chumbani na kutia ubani juu ya makala. Harufu inapendeza, lakini hewa haitakati.

Makala yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Humwua mtu usingizini, na ubani hauiondoi.

Mama mwenye busara hufanya hivi:

1. Asubuhi hufungua madirisha na mlango.
2. Hufagia nyumba, hutupa takataka, huanika mablanketi juani.
3. Huchemsha nje maji yenye majani ya mchaichai au maganda ya malimau. Kisha huingiza sufuria tu, na kuiweka mbali na watoto. Mbabula hubaki nje.

Nyumba safi hunukia yenyewe.

Maswali

1. Kwa nini mbabula isilale chumbani?
2. Je, ubani husafisha hewa?
3. Nyumbani kwenu madirisha hufunguliwa saa ngapi?